Manundu Marefu ya Kamshafti

Kufika saa mbili na robo asubuhi, Inspekta alikuwa ameshaipima kamshafti ile mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa moja.

Ilikuwa imelazwa kwenye meza ya chumba cha vielelezo, juu ya gazeti kuukuu. Ni fimbo nene ya chuma, ndefu kama mkono wa mtu mzima kuanzia begani hadi ncha za vidole, na kila baada ya nafasi ndogo ina nundu mfano wa yai lililochongoka upande mmoja. Injini ikizunguka, manundu hayo ndiyo yanayosukuma valvu zifunguke kwa zamu, hewa iingie na moshi utoke. Nundu likizidi urefu, valvu nayo inashuka kupita kiasi, inakutana na pistoni inayopanda. Hicho ndicho kilichotokea Alhamisi kwenye kilima cha machimbo. Lori jekundu la Mama Malori lilipasua injini likiwa na shehena ya kokoto mgongoni. Breki zikalemewa, lori likarudi kinyumenyume mpaka likaegemea ukuta wa mawe. Dereva alitolewa humo na mguu uliovunjika mahali pawili.

Aliyeifunga kamshafti hiyo, kwa jinsi jalada lilivyoandikwa, ni mzee mmoja anayeitwa Fundi Taratibu. Alikuwa mahabusu siku ya nne sasa, na gereji yake ya miaka thelathini na moja imepigwa lakiri.

"Milimita arobaini na tano nukta moja," Inspekta alisema, akiitoa ile rula ya chuma yenye taya mbili kwenye nundu. "Andika, Koplo."

Koplo, mwanamume mnene aliyebakiza miezi mitano kustaafu, aliandika kwa herufi kubwakubwa. "Afande, hata ukiipima mara kumi haitasinyaa. Hati ya mashtaka iko mezani kwa Mkuu. Saa nane inakwenda mahakamani, na mzee anakwenda nayo."

"Ndiyo maana napima saa mbili. Saa tisa nitampimia nani?"

Aliigeuza kamshafti, akainamia ncha yake ya mbele, ile inayopigiwa namba kiwandani. Palikuwa na mng'aro wa mviringo, mikwaruzo mingi midogo ikielekea upande mmoja. Namba ilikuwa imesuguliwa kwa tupa.

"Mbona mtu afute namba?"

"Asijulikane kwamba amekosea," Koplo alijibu upesi.

"Ncha hii ikiwa ndani ya injini inafunikwa na gia. Huwezi kuisugua mpaka uwe umeishika nje, kabla ya kuifunga. Sasa niambie, fundi anajuaje kwamba amekosea kabla injini haijawashwa?"

Koplo akaanza kutafuta kofia yake.

*

Duka la spea lilikuwa jembamba na refu kama behewa. Mwenye duka, mwanamke mrefu aliyefunga miwani kwa uzi wa kushonea, hakuinuka alipowaona.

"Mmechelewa," alisema. "Nilidhani mtakuja siku ileile mkanibebe na mimi."

"Bado nafasi ipo," Koplo alisema. "Inawezekana ulimpa mzee boksi lisilo lake. Nje namba hii, ndani chuma kingine."

"Ehee! Koplo, miaka kumi na tisa niko hapa. Boksi nalifungua mbele ya mteja, na namba anaisoma mwenyewe kwa sauti. Mzee yule ndiyo usiseme, aliisoma mara tatu mpaka jirani muuza matairi akaikariri. Mwite umuulize."

Hakuna aliyemwita. Jirani alikuwa ameshaitaja namba yote kutoka upande wa pili wa ukuta wa bati, tarakimu nane mfululizo, kisha akaongeza, "Na mwisho kuna herufi B!"

Inspekta alifungua kitabu cha risiti. Tarakimu nane na herufi B. "Unayo nyingine ya namba hiyo?"

Mwanamke aliinua macho juu. Kwenye boriti la paa kamshafti saba zilikuwa zinaning'inia kwa waya, kila moja imevikwa nailoni yenye grisi, kama samaki waliotundikwa wakauke.

"Mbona huzilazi kwenye rafu?" Inspekta aliuliza.

"Chuma kirefu namna hii ukikilaza kinapinda kwa uzito wake mwenyewe. Jicho halioni, lakini injini inaona. Kila anayejua kazi hii anaisimamisha au anaitundika." Alipanda kigoda, akaishusha moja. "Chukua, pima."

Inspekta alipima nundu la kwanza, la tano, la mwisho. Arobaini na mbili nukta tatu. Tofauti ilikuwa karibu milimita tatu.

"Mzee alifikaje kwenye hii?"

"Wee, alinisumbua siku mbili! Nilimshushia tatu. Ya kwanza akasema imesubuliwa tu kwenye kalibu, yeye anataka iliyochongwa kutoka chuma kizima. Ya pili nzuri, lakini inaacha valvu za hewa na za moshi zote wazi kwa pamoja muda mrefu mno. Akaniambia, lori hili lina turbo, turbo inasukuma hewa kwa nguvu, sasa milango yote miwili ikiwa wazi, hewa si inaingia huku na kutokea kule? Ya tatu akaipakata kama mjukuu." Alicheka, kisha uso ukabadilika. "Aliyekuja naye ndiye aliyemkasirisha."

"Nani?"

"Yule mdogo wa marehemu mume wa Mama Malori. Shemeji. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Anamwambia mzee, 'Hayo ni manundu ya kifaranga! Mimi nataka nguvu, wewe unaniletea kifaranga!' Akatoa simu, akatuonyesha picha ya manundu marefu hivi. Nikamwambia hayo ni ya magari ya mashindano, mimi siyaweki hapa. Akasema basi ataagiza mwenyewe."

Koplo hakuhitaji kuambiwa aandike.

*

Fundi Taratibu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku, suruali ameishika kwa mkono mmoja kwa sababu mkanda ulikuwa umechukuliwa kaunta. Aliketi. Akaangalia bawaba ya mlango iliyolegea, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mke wangu amekula?"

"Yuko nje kwenye benchi, amekula. Mzee, nataka uniambie ulivyoifunga ile kamshafti. Usiruke kitu."

"Nisiruke? Basi agiza chai."

Chai ikaja. Mzee alieleza kwa mpangilio, akichora kwa kidole mezani. Alifungua silinda hedi, lile pande zito linalofunika pistoni kwa juu. Akaingiza kamshafti mpya. Kisha akakanda unga wa ngano kwa maji na mafuta kidogo, akaubandika juu ya pistoni, akarudisha hedi, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, akafungua tena.

"Unga?" Koplo aliuliza. "Unga huu wa chapati?"

"Huohuo. Valvu ikishuka inaukanyaga. Ukiukata kwa wembe unaona pamebaki unene gani kati ya valvu na pistoni. Wengine wanapima kwa kukisia. Mimi naona kwa macho, na mwenye gari au dereva wake naye anaona. Namwambia abonyeze dole gumba pembeni ya unga kabla haujakauka, ili kesho asiseme hakuwepo. Naweka kwenye kiberiti na namba ya gari."

Inspekta aliacha kuandika. "Kila gari?"

"Kila gari. Mke wangu ananiuliza mimi fundi au mwokaji."

"Mbona hukusema haya siku ya kwanza?"

"Nilisema, mwanangu. Yule kijana wa zamu akaniambia, mzee usituletee habari za unga, jibu ndiyo au hapana."

Koplo akawa na shughuli ya ghafla na kalamu yake.

"Ukishamaliza kufunga?" Inspekta aliuliza.

"Naikaza kila bolti kwa kipimo. Halafu nachukua brashi ndogo, napiga mstari mmoja mweupe unaoanzia kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma inapokaa. Bolti ikija kuguswa, mstari unakatika."

"Hedi tu, au na kifuniko cha mbele?"

"Vyote. Kamshafti inaingilia mbele. Mtu akitaka kuitoa si lazima ashike hedi. Anafungua kifuniko cha mbele, anainua tapeti zinazokalia manundu, anaivuta." Kikombe kikabaki hewani. "Mwanangu, unaniuliza kama kuna mtu aliivuta?"

Inspekta alikwisha kulifungua jalada. Mkaguzi wa magari alipiga picha kumi na mbili kabla hajagusa kitu. Katika picha ya nne mistari myeupe kwenye bolti za hedi ilikuwa imenyooka yote, bolti ishirini na sita. Picha ya tisa ilikuwa ya kifuniko cha mbele. Aliisogeza karibu na dirisha. Nusu ya mstari ilikuwa kwenye bolti, nusu kwenye kifuniko, na nusu hizo hazikutazamana. Moja ilielekea juu, nyingine kando. Bolti kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokutana na mstari wake.

Mzee alitazama picha ile muda mrefu. Kisha akaweka kikombe chini polepole sana.

"Hawakufungua hedi," alisema. "Kwa hiyo hawakupima."

*

Lakiri ya gereji ilikatwa saa tano kasoro. Viberiti vilikuwa kwenye kabati la mbao nyuma ya mashine ya kuchajia betri, vimepangwa safu kwa safu, mamia, kila kimoja na namba yake ya gari kwa wino wa buluu. Koplo alipiga magoti na kuanza safu ya chini. Baada ya dakika ishirini alisema "Mama yangu!" akaketi sakafuni kabisa.

Namba ilikuwa ya lori jekundu. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na kipande cha unga mgumu kama biskuti, kimekatwa katikati. Pale valvu ilipokanyaga, Inspekta alipima milimita tatu. Pembeni kulikuwa na alama ya dole gumba, na kovu limeikata kwa mshazari.

Alitoa maelezo ya dereva yaliyochukuliwa hospitali. Chini yake dereva alikuwa amebonyeza dole gumba kwa wino. Kovu lilikata kwa mshazari uleule.

"Kwa ile kamshafti ya kituoni unga huu ungebaki mwembamba kama karatasi," Inspekta alisema. "Injini ikienda polepole, valvu inaponea kwa unywele. Dereva akishusha gia mlimani, injini ikakimbia, valvu inachelewa kurudi. Basi."

"Kwa hiyo mzee alifunga ile fupi, mtu akaitoa." Koplo aliinuka akijifuta magoti. "Lakini Afande, Mkuu atauliza swali moja tu. Hiyo fupi iko wapi?"

Inspekta alisoma tena maelezo ya dereva. Lori lilitoka gereji Ijumaa jioni, siku sita kabla ya ajali. Jumamosi mchana aliliegesha yadi, akakabidhi funguo. Jumatatu alfajiri akalichukua. Aliyezipokea funguo ni Shemeji.

Saa sita ilikuwa imekaribia.

*

Mama Malori mwenyewe aliwafungulia geti. Alikuwa mwanamke mfupi, kanga kiunoni juu ya suruali ya kazi, na hakuwa na uso wa kufurahia kesi.

"Afande, dereva wangu anachomekwa vyuma mguuni. Mzee nilimwamini miaka yote hiyo. Mkinambia nisamehe, siwezi."

"Sikuja kukuomba usamehe, mama. Nimekuja kutazama stoo."

Shemeji alitokea nyuma ya tangi la maji akijifuta mikono. Mwanamume wa makamo, viatu vinang'aa kupita kazi anayofanya. "Stoo? Karibuni, karibu Afande dada yangu! Lakini mtatafuta nini huko, kuna vyuma chakavu tu."

"Jumamosi ile na Jumapili lori lilikuwa wapi?"

"Hapahapa, limelala."

"Lilifunguliwa?"

"Hata boneti haikuguswa."

"Kamshafti ya mzee uliiona lini mara ya mwisho?"

"Mimi? Sijawahi kuiona. Nitaionea wapi? Mimi mambo ya mafundi siyajui kabisa."

"Sawa," Inspekta alisema, na Koplo akaandika saa na dakika.

Stoo ilikuwa ndefu, giza kidogo, na vitu vilitupwa humo bila utaratibu. Ringi zilirundikwa, springi zimelala chini ya magunia, hata shafti za propela zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine. Shemeji alijiegemeza mlangoni akipiga mluzi. Koplo alianza kuinua magunia.

"Acha ya chini," Inspekta alimwambia. "Usitafute kilicholala."

Alitembea akiangalia juu. Boriti la kwanza, buibui. La pili, mikanda ya feni. La tatu, mabomba manne ya moshi yalining'inia kwa waya, yamejaa kutu, na kati ya bomba la pili na la tatu kulikuwa na gunia jembamba lililofungwa kamba juu na chini. Mabomba yale yalikuwa na vumbi la miaka. Gunia halikuwa nalo.

Mluzi ulikatika.

"Hicho ni... hicho cha zamani," Shemeji alisema.

"Mtu asiyejua mambo ya mafundi," Inspekta alisema, "anatupa vyote chini, halafu kimoja tu anakitundika kisipinde."

Koplo alipanda juu ya ringi, akashusha. Kamba ilifunguliwa mbele ya Mama Malori. Ikatoka kamshafti nyeusi inayong'aa grisi, namba imesimama kwenye ncha. Inspekta alimpa Mama Malori kitambaa. "Futa, mama, usome wewe. Kwa sauti."

Mama Malori akasoma tarakimu nane, moja moja. Kisha, "B."

Inspekta alibana nundu kwenye taya za rula, akamwonyesha. Arobaini na mbili nukta tatu.

Shemeji aliangalia mlango. Koplo, pamoja na unene wake, alikuwa ameshasimama hapo.

"Shemeji," Mama Malori alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "umenifanya nimfunge mtu."

"Nilitaka lipande haraka!" Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo. "Malori ya wenzetu yanatupita kila siku kwenye kile kilima, wanatupigia honi, wananiita kobe! Mzee ameweka vifaranga. Nikaagiza ndefu, tukaifunga Jumapili na fundi wa barabarani. Nundu refu lina nguvu, kila mtu anajua..."

"Kila mtu nani?" Inspekta aliuliza. "Namba ya ile ndefu uliisugua lini?"

"Kabla hatujaifunga. Mzee akija kulihudumia lori asijue."

"Na baada ya ajali ulinyamaza."

Mama Malori alimvua mkufu wa funguo za yadi shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

*

Saa saba na dakika arobaini Inspekta aliingia kwa Mkuu wa kituo bila kubisha. Alizisimamisha kamshafti mbili mezani, ndefu na fupi, akaweka kiberiti katikati, picha ya tisa mbele yake. Mkuu alisikiliza akiwa amesimama. Alipima manundu mwenyewe. Alichungulia dole gumba la kwenye unga, akachungulia la kwenye karatasi.

"Unga wa chapati," alisema.

"Ndiyo, Afande."

Alichukua hati ya mashtaka, akapiga mstari juu ya jina, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akaita karani alete fomu mpya.

Habari zilitoka kituoni zikiwa hazijavaa viatu. Saa nane, wakati mzee anatia mkanda wake kaunta, tundu kwa tundu, nje palikuwa pamejaa. Mafundi wa mtaa mzima walikuja na ovaroli zao, mwenye duka la spea na miwani yake ya uzi, jirani muuza matairi. Mtu alianza kugonga spana kwenye ringi, wa pili akafuata, na mara kituo kizima kikawa kinalia kama karakana. Polisi wa zamu alitoka kuwakataza, akarudi ndani anacheka. Mke wa mzee hakupiga kelele. Aliinuka kwenye benchi alilokalia siku nne, akamkunjulia mumewe kola ya shati.

Mama Malori alisogea, akapiga goti moja kwenye saruji. Mzee alimwinua kabla la pili halijafika chini.

"Inuka, binti yangu. Dereva anaendeleaje?"

"Ataamka na kutembea, madaktari wamesema. Mzee, lori lile nitakuletea injini nyingine. Uchague wewe. Mtu asikuingilie tena."

Mkuu wa kituo naye alikuwa ametoka, mikono nyuma, anatafuta pa kuanzia. Alikohoa. "Mzee, hata lori letu la kituo, lile la buluu, lina turbo na halina nguvu kabisa. Sasa sijui ungetushauri kamshafti ya namna gani..."

Spana zikanyamaza, watu wasikie.

Fundi Taratibu alilitazama lori la polisi kuanzia bampa hadi tairi za nyuma, bila haraka yoyote. Kisha akamshika mkewe mkono.

"Lileteni kesho, Afande, mkiwa na unga," alisema. "Leo naenda kuoga."